Nimebakiza siku tatu za kushuti, na mnunuzi anaitaka filamu yote

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Nina mume, na mtoto wetu yuko darasa la pili. Kwa miaka saba nimekuwa nikipiga video za harusi, sendofu na mahafali, na kazi hiyo imenipa kamera, taa mbili na kompyuta ya kuhariria. Nashukuru kwa hilo. Lakini tangu niko sekondari nilichokitaka ni filamu yangu mwenyewe, si ya bwana harusi.

Mama yangu analima zabibu Hombolo, ekari moja. Msimu mmoja alikuja mnunuzi na lori, akawapimia wakulima mzigo, akawaachia karatasi, akaondoka. Fedha ilikuja baada ya miezi mitano, tena pungufu. Katika miezi ile nilimwona mama akibadilika. Alikuwa anakaa mlangoni na simu mapajani. Nikimpigia, anapokea kabla haijaita mara mbili, halafu nasikia sauti yake ikishuka akigundua kuwa ni mimi tu. Stori yangu imetoka hapo: mjane na binti yake wamepima zabibu, wanasubiri kulipwa. Hakuna mganga, hakuna sumu kwenye chai, hakuna jumba la kifahari. Ni kusubiri tu, na namna kusubiri kunavyomtenga mtu na mwanawe. Wakiwa wenyewe wanaongea Kigogo, akija mgeni wanaongea Kiswahili, kama tunavyoishi sisi.

Tulianza kushuti Juni mwaka jana. Mbali na mimi walikuwa watu 14: vijana wa kikundi cha sanaa, wenzangu wa kazi za harusi, na mwanafunzi mmoja wa chuo aliyecheza binti. Anayecheza mjane ni jirani wa mama, hajawahi kusimama mbele ya kamera maisha yake yote, na Mama, ungemwona! Niliwaambia nina hela ya chakula na nauli tu, mengine tutaona filamu ikishatoka. Wakakubali. Tulifanya siku 19 katikati ya wiki, kwa sababu wikiendi nilikuwa na harusi.

Hadi sasa nimetumia shilingi 6,400,000. Nilikuwa na akiba ya 2,200,000. Mama aliuza mbuzi wanane akanipa 1,200,000. Nyingine 3,000,000 nilikopa VICOBA, na mume wangu anajua nilikopa ila hajui ni kiasi gani. Nimebakiza 1,850,000 pamoja na riba, na wadhamini wangu wawili wameanza kunipigia simu.

Hela iliisha Agosti, kabla hatujashuti mavuno, ambayo ndiyo mwisho wa filamu. Sasa ni Februari, zabibu za Machi zimeanza kubadilika rangi, lakini kila kitu kimegeuka. Tulishuti kiangazi, vumbi jekundu, mibuyu mitupu. Sasa Hombolo yote ni kijani. Na mwigizaji wangu wa binti ana mimba ya miezi mitano. Juzi aliniuliza kwa upole kama kuna chochote ninachoweza kumpa kwa ajili ya kliniki. Sikuwa na jibu.

Kuna mambo mengine. Upepo wa Julai umeharibu sauti za sehemu nne, mojawapo ni ile ya mama mlangoni na simu. Sehemu ya harusi nilipiga wimbo unaovuma kwenye spika wakati tunashuti, rafiki yangu ananiambia italeta shida. Kibali cha Bodi ya Filamu sikuchukua, nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji tu. Na mama mkwe anasema mke wa mtu haendi porini na wanaume wiki nzima.

Wiki iliyopita kuna mnunuzi wa filamu aliona vipande nilivyohariri. Ananipa 2,500,000 taslimu. Karatasi yake inasema anachukua haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote. Anataka Kigogo kiondolewe, kila kitu kiwe Kiswahili, na aongeze mganga mwenyewe. Anataka jibu Ijumaa. Kaka yangu anasema nichukue, nilipe deni, nirudi kwenye harusi zangu kwa amani. Kuna usiku nakubaliana naye. Nifanyeje?

Mwenye Kamera, Nkuhungu


Marahaba mwanangu, na mbukwa.

Nianze na Ijumaa, maana ndiyo iliyo karibu. Usisaini karatasi hiyo.

Milioni mbili na nusu kwa mtu anayepigiwa simu na wadhamini ni fedha kubwa, silikatai hilo. Ninachokikataa ni maneno "haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote". Wewe ni mtoto wa mkulima, kwa hiyo utanielewa haraka: huyo bwana hakodi shamba lako msimu mmoja, ananunua shamba, mizabibu, kisima na njia ya kuingilia. Filamu moja ina mavuno mengi. Unaweza kuikodisha kwa kituo cha televisheni, ukaipeleka kwenye matamasha, ukaionyesha vijijini kwa kiingilio, ukaikodisha kwa mtandao wa nje, na baadaye ukaiweka mwenyewe kwenye intaneti. Ukisaini karatasi ile, yote hayo yanaondoka kwa siku moja.

Nayajua haya kwa machungu. Miaka ile ya DVD niliuza filamu yangu ya kwanza kwa msambazaji mmoja kwa shilingi 800,000, haki zote. Nikalipa kodi ya nyumba, nikajiona nimefika. Miaka minne baadaye nilikuwa kwenye basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Tulipopita Gairo, kondakta akaweka filamu, na ilikuwa yangu. Abiria walicheka panapochekesha. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anamsimulia mwanawe kitakachotokea mbele, kumbe alishaiona. Jina langu lilikuwa limekatwa mwanzoni. Sikuweza kumwambia mtu yeyote ndani ya basi lile kwamba ile ni kazi yangu, na sikuwa na karatasi hata moja ya kunitetea, kwa sababu karatasi pekee iliyokuwepo niliisaini mwenyewe.

Kwa hiyo Alhamisi mpigie huyo mnunuzi, usingoje Ijumaa, na umwambie utamkodishia haki ya kuonyesha kwenye televisheni, ndani ya Tanzania, kwa miaka miwili, filamu ikiwa kama ulivyoihariri wewe, na haki nyingine zote zinabaki kwako. Akikubali, mjadiliane bei. Akikataa, mshukuru muachane vizuri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu siku kazi ilipotengenezwa, lakini nenda kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, filamu ikikamilika, ili siku ya ugomvi uwe na ushahidi wa tarehe.

Kuhusu Kigogo, usikiguse. Weka maandishi ya Kiswahili chini, na mengine ya Kiingereza kwa ajili ya matamasha. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na watu ndani yake wanaongea Kiswahili cha Unguja kama kinavyoongewa Unguja, hakikulainishwa kwa ajili ya mgeni. Mjane wako akilazimishwa Kiswahili anapozungumza na bintiye jikoni, kila Mgogo atakayeitazama atajua ni uongo, na asiye Mgogo atahisi kuna kitu kimepungua japo hatajua ni nini. Mganga naye sina haja ya kumsemea. Hukumwandika kwa sababu hakuwepo.

Sasa nikuambie jambo lililoniuma katika barua yako, na nakuomba ulipokee kama kwa mzazi.

Umenihesabia matumizi ya 6,400,000. Umetaja akiba, mbuzi, VICOBA. Siku za watu hukuzitaja. Watu 14 kwa siku 19, kama wote wangekuja kila siku, ni siku za kazi 266. Tuseme kila siku ni 15,000 tu, hela ya kibarua. Hiyo ni 3,990,000. Najua hawakuja wote kila siku, kwa hiyo kiasi kitapungua, lakini hata kikipungua sana bado ni deni kubwa kuliko la VICOBA, na haliko kwenye daftari lako. Filamu yako inamsema mtu aliyepima mzigo wa watu akaondoka. Binti uliyempa nafasi ya yule anayesubiri, sasa anakuuliza wewe kuhusu hela ya kliniki.

Sikulaumu. Karibu kila filamu ya mtu asiye na kampuni huanza na maneno hayo hayo, "mengine tutaona". Mimi mwenyewe nimeyasema zaidi ya mara moja, na kuna mpiga sauti mmoja niliyemzoea kama mdogo wangu ambaye hatusalimiani tena kwa sababu yake. Maneno yale ni mabaya kwa kuwa kila mtu anayasikia kivyake. Wewe ulimaanisha "nikipata faida". Mmoja alisikia "nitakulipa". Mwingine alisikia "tutagawana sawa". Siku filamu ikionyeshwa kwenye televisheni, hata kama kituo kimekupa laki tatu tu, wote 14 wataamini umekula.

Kaa na daftari jioni moja uandike kila mtu alikuja siku ngapi. Waite wote, hata kama ni kwa soda na maandazi pale kwako, wasomee namba hizo wazikosoe, halafu mkubaliane malipo ya siku na msaini. Katika karatasi hiyo iandikwe fedha ya kwanza itakayoingia inakwenda wapi. Mimi ningetanguliza VICOBA, kwa sababu wadhamini wako hawakuingia kwenye sanaa, waliingia kukusitiri. Baada ya hapo siku za watu 14. Kisha mbuzi wa mama, na umwambie mama mapema kwamba anakuja baada ya wasanii. Kwa jinsi ulivyomweleza, naamini yeye ndiye atakayeelewa kuliko wote. Mwisho wewe. Karatasi hiyo hiyo iseme kwamba kila aliyeigiza amekuruhusu kutumia sura na sauti yake katika filamu hii. Bila ruhusa ya maandishi, mtu mmoja akikasirika anaweza kukuzuia, na kituo makini cha televisheni kitaiulizia.

Binti wa kliniki usimngojeze kikao. Harusi ya kwanza utakayolipwa, mpe yeye kwanza, hata kama ni 100,000, umwandikie risiti na uikate kwenye deni lake.

Ona pia hesabu ya kaka yako inavyokuwa ukiweka namba hizi. Ukichukua 2,500,000 ukalipa VICOBA, zinabaki 650,000. Ukizigawa kwa watu 14, kila mmoja anapata kama 46,000, na hakuna kitakachokuja tena, kwa sababu filamu si yenu. Amani anayoisema kaka itakuwa yako peke yako, na sidhani kama itadumu.

Tuje kwenye mavuno. Nilipoanza kusoma habari ya mimba na kijani, nilifikiria ujanja wa kawaida: mpe binti karai la zabibu alishike mbele ya tumbo, shuti uso na mikono kwa karibu, tafuta pembe ambayo nyuma kuna ukuta badala ya majani. Inawezekana. Nimefanya zaidi ya hayo. Lakini usiku nikabadili mawazo. Stori yako ni ya kusubiri, na shida kubwa ya filamu ya kusubiri ni kumfanya mtazamaji aone muda umepita. Sasa mvua imekufanyia kazi hiyo bure. Kata picha ya mwisho ya kiangazi, vumbi na mbuyu mtupu, halafu ingia moja kwa moja kwenye kijani, mbuyu una majani, na binti ana tumbo. Hakuna haja ya mtu kusema neno. Walipima zabibu msimu ule, wamefika msimu mwingine, mzigo mpya uko mtini na karatasi ya zamani bado iko kwenye sanduku. Maisha ya binti yamesogea, ya mama hayajasogea. Mwenye studio na hela angejenga mwisho huo kwa gharama kubwa, na wewe umeletewa hadi shambani. Kaa na binti mwenyewe umuulize kama yuko radhi mimba yake ionekane, usimwamulie. Akikataa, turudi kwenye karai.

Na usifanye siku tatu. Mwisho wa namna hiyo unahitaji siku moja, alfajiri hadi saa nne, kisha saa kumi hadi jua kuzama, na watu sita: wewe na kamera, mtu wa sauti, msaidizi, mjane, binti, na mtu mmoja wa kupima zabibu. Mchana mpumzike kivulini, mwanga wa saa saba ni mkali na mjamzito hatakiwi juani. Mama yako anavuna siku gani? Shuti siku hiyo hiyo, ili wavunaji wanaoonekana nyuma wawe wavunaji kweli. Waombe ruhusa zao pia. Zabibu zikishakatwa, nafasi nyingine ni Agosti au Septemba, na mtoto atakuwa amezaliwa.

Sauti ya upepo usiipeleke studio ya bei kubwa bado. Upepo wa Dodoma kuanzia Juni hauogopi kava la maiki la sponji, unataka kava la manyoya, na mara nyingine hata hilo linashindwa, kwa hiyo mwakani panga maongezi marefu asubuhi kabla haujaamka. Kwa yaliyoharibika, tafuta chumba kidogo, simamisha magodoro ukutani, funika dirisha kwa blanketi, zima friji na feni. Mjane wako hajazoea mambo haya, kwa hiyo usimpe karatasi asome, atasoma kama anatangaza. Mchezeshee sentensi moja masikioni, airudie, mchezeshee tena, airudie, hadi mdomo wake ukubaliane na picha. Maiki iwe umbali ule ule kama ilivyokuwa siku ya kushuti. Kisha nenda Hombolo asubuhi tulivu, ukae pale mlangoni kwa mama urekodi dakika mbili za kimya: kuku, mtoto wa jirani, bodaboda ya mbali. Kimya hicho ukikilaza chini ya sauti mpya, sikio halitajua kuwa kulikuwa na magodoro. Sehemu ya mlangoni ndiyo roho ya filamu hii. Itumie siku nzima ikibidi.

Rafiki yako amesema kweli kuhusu wimbo. Wimbo mmoja una mwenye utunzi na mwenye rekodi, na kituo au tamasha wanaweza kukutaka uonyeshe ruhusa ya wote wawili. Charles Burnett, Mmarekani, alishuti filamu yake Killer of Sheep wikiendi kwa wikiendi huko Watts, Los Angeles, akitumia majirani kama waigizaji, kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Aliikamilisha miaka ya 1970, lakini haikuingia kwenye majumba ya sinema hadi 2007, kwa sababu nyimbo alizoweka hazikuwa zimelipiwa haki. Nakueleza hayo kwa sababu filamu ile ni ndugu wa ya kwako, na ilisubiri karibu miaka thelathini kwa ajili ya muziki.

Kwa kuwa wimbo wako ulilia kwenye spika wakati watu wanaongea, umeshaingia ndani ya maneno yao na hautoki. Rekodi upya maneno ya sehemu hiyo kwa njia ile ile ya magodoro. Badala ya wimbo, nenda kwa kina mama wa muheme hapo hapo Hombolo. Harusi ya Kigogo yenye ngoma za wanawake wa Kigogo, kwa nini ulihangaika na spika? Lakini walipe siku hiyo hiyo, na wasaini. Kama kuna mzee mwenye zeze, mrekodi peke yake. Atakufaa kwa mwisho wa filamu.

Kibali sitaki kukudanganya: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kushuti, na filamu inapaswa kukaguliwa na kupewa daraja, yaani watazamaji wa umri gani wanaruhusiwa, kabla ya kuonyeshwa hadharani. Barua ya mtendaji haitoshi. Beba skripti yako, barua hiyo na orodha ya watu, nenda kwa Afisa Utamaduni wa Jiji, umweleze ulivyofanya bila kuficha na umuulize utaratibu wa kufika Bodi. Fanya hivyo kabla ya siku ya mavuno, ili angalau sehemu iliyobaki iwe na kibali. Nimeona watu wakijificha hadi siku ya uzinduzi, wakazuiwa ukumbi ukiwa umejaa.

Fedha ya kumalizia itoke kwenye harusi zako mbili tatu zijazo. Hata wakikubembeleza, usiende kwenye mikopo ya kausha damu. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unatoa mikopo kwa wasanii, na siku ya filamu ya pili nitakuwa wa kwanza kukusukuma uombe, lakini huu nao ni mkopo, na huwezi kuongeza deni la tatu juu ya mawili ambayo hujayaandika vizuri. Kwa VICOBA, nenda mwenyewe kwenye kikao kabla hawajakuita, uombe kupangiwa upya marejesho ya mwezi, kiasi kidogo usichokosa kukipata.

Mume wako mwambie leo. Mtu ambaye amekaa na mtoto katikati ya wiki kwa siku 19 hastahili kusikia namba ile kutoka kwa mdhamini. Na mpe kazi siku ya mavuno, ashike rifleta ya kuakisi mwanga au aendeshe gari. Mama mkwe akimwona mwanawe yuko porini na wewe, maneno yake yatapungua. Yasipopungua, muda utasaidia. Wanawake wote ninaowajua katika kazi hii wameambiwa maneno hayo, mimi nikiwemo.

Filamu ikikamilika, usiiweke YouTube kwa haraka. Ili upate matangazo ya kulipwa kule unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na filamu ikishatazamwa bure na kila mtu, kituo cha televisheni kitashusha bei na matamasha mengi hayataichukua. Weka dakika mbili za kuonjesha tu. Peleka filamu kwenye Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998. Nilipokaa Ngome Kongwe usiku, nikaona filamu ya mtu wa kwetu inatazamwa na watu kutoka nchi nyingi na wote wamenyamaza, nilielewa kwa nini sikuwa nimeacha kazi hii baada ya lile basi. Hawakunilipa kitu. Lakini mtu mmoja aliyekaa karibu nami alinishika mkono wakati wa kutoka akaniuliza yule bibi wa kwenye filamu ni nani, kana kwamba ni ndugu yake aliyepotezana naye.

Kabla ya Zanzibar, ukishapata daraja, ionyeshe Hombolo. Shuka nyeupe, projekta ya harusini, jenereta, kiingilio 1,000 kwa mkubwa na bure kwa mtoto. Wazee wa huko wanakumbuka magari ya sinema ya serikali yaliyokuwa yakizunguka vijijini. Watakuja wenyewe bila tangazo. Mweke jirani yule aliyecheza mjane mbele kabisa. Wakulima waliopimiwa mzigo msimu ule watakuwepo, na mama yako atakuwepo. Kiingilio cha usiku ule kigawe pale pale kwa karatasi mliyosaini, mbele ya wote, hata kama kila mmoja anapata elfu tano.

Ukimaliza kutengeneza sauti ya mlangoni, niletee niisikie kabla hujaichanganya na muziki. Nataka kusikia ile simu inavyoita.